Kola za Miaka Tisa

Jumamosi, saa nne asubuhi, fundi wa kola aliinuka kwenye cherehani yake, akachukua mkasi wake na kimto chake cha kukalia, akavitia mkobani, akaondoka. Hakugombana na mtu. Aliwaaga wenzake mmoja mmoja kwa kichwa tu, na alipofika mlangoni akageuka kuitazama meza ya ukaguzi, akasema, "Haya, kwaherini." Cherehani kumi na moja zilinyamaza kwa mara moja, jambo ambalo hata umeme ulipokatika halikuwahi kutokea kwa utulivu kama ule.

Sababu yake ilikuwa juu ya meza na kila mtu aliiona. Mkataji wa vitambaa alikuwa amekosea vipimo vya magauni ya wauguzi, kola sitini zikatoka nyembamba kwa upana wa kidole. Fundi wa kola alikaa nazo siku mbili nzima. Akafumua, akaunga, akashona upya, mpaka usingeweza kujua kwamba kitambaa kilipungua. Akazipeleka kwa mkaguzi zimepangwa safi. Mkaguzi akazipitia moja moja, zote sitini, na kwenye ya hamsini na nne akakuta uzi umechomoza, mfupi kama ukope. Akachukua chaki yake akauzungushia mduara.

"Hii bado," akasema, basi.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, miwani yake ikining'inia shingoni kwa utepe, na nyuma ya mgongo wake karakana nzima ilimwita Chaki. Hakuwa mtu mbaya, msimdhanie hivyo. Hakusengenya, hakupendelea, na hakumnyima mtu ruhusa ya kumpeleka mtoto zahanati. Ila sifa kinywani mwake ilikuwa haitoki, hata ukiivuta kwa koleo. Palipo na kosa aliweka mduara. Pasipo na kosa alinyamaza. Ukimuuliza, alikuwa na jibu lake tayari: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alilisema hivyo kwa miaka kumi na nne, na hakuna aliyethubutu kumjibu.

* * *

Jumatatu Tajiri, mwenye karakana, alimwita ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa kona tu, imezungushiwa mbao nyembamba, hivyo aliyeitwa ndani aliitwa mbele ya watu wote.

"Hospitali inataka magauni mia tatu Jumamosi," Tajiri alisema. "Kola atashona nani? Wewe?"

"Atafutwe fundi mwingine, Tajiri. Mafundi wamejaa mjini."

"Nimeshaleta wawili tangu juzi. Wa kwanza kola yake imelala kama sikio la mbwa mgonjwa. Wa pili nimemlipa nauli arudi kwao." Akavua kofia, akajipepea. "Sikiliza, mama. Umemtoa wewe, utamrudisha wewe. Ikifika Jumamosi hayupo, meza ya ukaguzi nampa mwingine, na wewe utakwenda nyumbani ukapumzike."

Kupumzika. Neno tamu ukilisikia kwa daktari, chungu ukilisikia kwa mwajiri. Nyumbani kwa Chaki kulikuwa na watoto wawili shuleni, mama mkwe mwenye dawa za presha za kila mwezi, na mume kinyozi ambaye kipato chake kilifuata mapenzi ya nywele za watu. Na nywele, kama mnavyojua, haziharakishwi. Mshahara wa Chaki ndio uliokuwa nguzo ya paa. Alitoka kwenye ile kona huku masikio yakimwaka moto, maana cherehani zote zilikuwa zimenyamaza tena.

"Na uwasifie kidogo hao waliobaki," Tajiri alimpigia kelele kwa nyuma. "Inakugharimu nini?"

Chaki hakuwa mtu wa kuchelewesha agizo. Akavaa miwani, akaanzia mstari wa kwanza. Akasimama mbele ya binti wa matundu ya vifungo, akasema, "Kazi nzuri." Akaenda kwa mzee wa pasi, "Kazi nzuri." Akaenda kwa mama wa mifuko, mwanamke mnene aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki. "Kazi nzuri." Akamaliza safu zote mbili kwa dakika tatu, akarudi mezani ameridhika, kama mtu aliyemwagilia bustani.

Sasa, kuna jambo alilolisahau. Katika karakana ile, sifa ilikuwa imewahi kusikika mara moja tu. Miaka miwili nyuma Tajiri aliwapanga mafundi wote uani, akawaambia wamefanya kazi nzuri sana, kazi ya kujivunia, kisha akawagawia sita kati yao bahasha za kuachishwa kazi. Tangu siku ile, mafundi walijua sifa inakuja na nini mkononi.

Kufikia saa sita binti wa matundu alikuwa analia kimyakimya juu ya vifungo vyake. Mzee wa pasi alichomoa pasi ukutani, akazungusha waya wake vizuri, maana pasi ile ilikuwa mali yake, hakutaka igombaniwe. Mafundi wawili walikwenda kwa Tajiri kuuliza kama malipo ya kuachishwa yatahesabiwa kwa miezi au kwa miaka. Redio alisimama katikati ya karakana, mikono kiunoni.

"Mimi nataka niambiwe mapema!" alisema. "Nina mkopo wa friji! Kama naondoka, niondoke na leo, nikaanze kuuza chochote!"

Tajiri akatoka kwenye kona yake. "Umewafanya nini watu wangu?"

"Nimewasifia," Chaki akajibu.

Alijibu kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue mafundi walimwona anatafuta pa kuweka mikono.

* * *

Mumewe alicheka mpaka akaketi chini. Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa baraza ya nyumba yao, kiti kimoja cha chuma na kioo kikubwa kilichopasuka pembeni. Jioni ile hapakuwa na mteja, hivyo alicheka bila haya.

"Pasi! Mzee wa watu amebeba na pasi yake!"

"Cheka tu. Jumamosi utaacha kucheka."

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mboga kwenye ungo, akauliza kulikoni. Alipoelezwa hakucheka. Alirudi kwenye mboga zake. Chaki, kwa kuwa siku ilikuwa imeshaharibika na hana cha kupoteza, akajaribu bahati yake.

"Mama, mboga zako nzuri sana."

"Hazijapikwa," mama mkwe akasema. "Unataka nini?"

Kinyozi akashika tumbo. Alipopata pumzi, akamvuta mkewe hadi kwenye kile kiti cha chuma, akamkalisha mbele ya kioo, akasimama nyuma yake kama alivyosimama nyuma ya mji mzima.

"Mke wangu, uliwaambia kazi nzuri. Kazi ya nani?"

"Ya wote."

"Basi hujamwambia mtu. Mimi nasifia vichwa kila siku, nakula kwa hiyo. Lakini kuna kioo hapa. Nikimwambia mtu ana kisogo kizuri na hana, anajiona mwenyewe, na kesho anakwenda kunyolewa kwingine. Kwa hiyo sina budi kutafuta. Nazunguka kile kichwa mpaka nipate kitu cha kweli. Wakati mwingine ni sikio tu. Namwambia, kaka, una masikio yaliyokaa sawa, hayajapishana hata kidogo. Anatoka hapa shingo ndefu."

"Na ukikosa?"

"Nanyamaza, nanyoa. Sidanganyi."

"Mgema akisifiwa..." Chaki alianza.

"Najua. Tembo hulitia maji. Na asiposifiwa je? Huyo wako ameshashuka mnazini na kibuyu chake. Hata hayo maji huna."

Chaki alijitazama kwenye kioo, akatazama na ule ufa pembeni. Miaka kumi na minane ya ndoa, na hakumbuki kama aliwahi kumshinda mtu huyu kwa maneno. Hakumwambia.

* * *

Jumanne asubuhi alifanya jambo lililowashangaza wote: aliketi mwenyewe kwenye cherehani ya fundi wa kola. Mafundi walikuwa wametulizwa na Tajiri kwamba hakuna anayeachishwa, mzee akachomeka pasi yake, na kila mmoja akajifanya anafanya kazi huku akichungulia. Chaki aliwahi kuwa fundi kabla ya kuwa mkaguzi. Alikata, akashona, akageuza. Uzi ukakatika. Akaulegeza, ukalegea mno, akaukaza. Kufikia saa saba alikuwa na kola ishirini na mbili, na mkaguzi yeyote angekuwa amemaliza chaki nzima juu yake. Akazifunga kwa kitambaa, akazisukuma chini ya meza, akachukua mkoba wake, akashika njia ya kwa fundi wa kola.

Alimkuta uani kwake anaanua nguo. Hakufukuzwa. Aliwekewa kigoda, akaletewa maji ya kunywa, na heshima ile ikamuuma kuliko matusi.

"Wewe ni fundi mzuri sana," Chaki akasema. "Hakuna kama wewe."

"Tajiri amekutuma."

"Amenituma," Chaki akakubali.

"Na hayo maneno ni yake au yako?"

Chaki akaitazama bilauri ya maji mkononi mwake. Fundi wa kola akaendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe. "Dada, nimeshona pale miaka tisa. Umenipigia mduara mara nne. Zote nne nazikumbuka, na siku yake, na gauni lenyewe. Mara ya kwanza nilikuwa na mimba ya huyu wangu wa mwisho. Hizo nyingine, maelfu kwa maelfu, sijui. Sijui ulizionaje. Nilikuwa narudi nyumbani mume wangu ananiuliza, vipi kazini? Namwambia, leo sikukosea. Mtu anaweza kuishi miaka tisa kwa kutokukosea?"

Sauti yake haikupanda. Chaki aliweka bilauri chini. Alimkumbuka mumewe akizunguka kichwa cha mtu akitafuta sikio, akaona aibu, kwa sababu yeye hakuhitaji kutafuta chochote. Alikuwa anajua. Miaka yote alikuwa anajua.

"Ndani ya kola zako," akasema, "pale panapogusa shingo, unashona utepe wa kitambaa laini. Unauokota kwenye vipande vinavyotupwa. Hakuna aliyekuagiza. Haupo kwenye kielelezo. Unaushona ili mshono usimkwaruze muuguzi akiinama kutwa nzima."

Mikono ya fundi wa kola ilitulia juu ya shuka.

"Niliuona mwaka wako wa kwanza. Nilipitisha kidole nikausikia. Kila gauni ninalokagua, nabakiza kola mwisho. Macho yanakuwa yamechoka, nayaweka hapo yapumzike." Akakitazama kidole chake. "Na sikusema. Si kwa sababu ya mgema. Nilikuwa na wivu. Mimi nilikuwa fundi kabla yako, na sikuwahi kufikiria shingo ya mtu. Nilifikiria mshono tu. Kuna gauni nilichukua kwenda nalo nyumbani, nikaifumua kola yake nione unafanyaje. Nikaona kila kitu. Nikashindwa kuishona tena kama ilivyokuwa."

"Gauni lipi?"

"La mwaka juzi."

"Lile lililopungua kwenye hesabu?" Fundi wa kola akasimama wima. "Lile nililoambiwa nishone jingine siku yangu ya mapumziko, nikashona?"

"Ndilo."

Chaki alisubiri afukuzwe, na alijua amestahili. Kisha mabega ya yule mwanamke yakaanza kutikisika, na Chaki akadhani analia, kumbe anacheka, anacheka na shuka imemdondoka mavumbini.

"Mkaguzi mzima!" alisema. "Umeiba gauni kwa ajili ya kola yangu!"

"Nimeiba."

"Mume wangu lazima aisikie hii." Akafuta macho kwa mkono wa gauni lake. Kisha uso wake ukatulia. "Lakini sirudi kwa maneno ya uani, dada. Mduara wako uliuweka mbele za watu. Kesho asubuhi nitakuja nisimame mlangoni. Useme hayo hayo, na la gauni useme. Nikisharidhika nitaingia, nisiporidhika nitarudi zangu."

* * *

Jumatano, Chaki alipovaa viatu, mumewe alimuuliza kama anajua Tajiri hufanya nini na anayechukua mali ya karakana. Alijua. Mama mkwe alimsindikiza hadi mlangoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Fundi wa kola alikuwa ameshafika. Alisimama kizingitini, mkoba begani, nusu ndani, nusu nje. Chaki aliomba cherehani zinyamaze. Akasema yote. Akasema utepe laini, akapindua kola mbele yao ili wauguse. Akasema wivu. Alipofika kwenye gauni, Tajiri akatoka kwenye kona yake na kofia mkononi.

"Ilikuwa wewe?"

"Ilikuwa mimi. Nitalilipa, na kama unaniondoa, niondoe. Lakini mwenzangu alilishona tena bila malipo kwa kosa langu, na hilo lazima lijulikane."

Tajiri alishika ile kola, akapitisha kidole gumba ndani yake. Akapitisha tena. "Miaka yote najiuliza kwa nini hospitali haiendi kwa yule wa bei rahisi," akasema taratibu. "Kumbe ni shingo." Akamtazama fundi wa kola mlangoni, akaonekana anatafuta la kusema na hana uzoefu nalo. "Gauni utalilipa," akamwambia Chaki. "Siku ile ya mapumziko nitailipa mimi." Akavaa kofia, akabaki pale pale.

Fundi wa kola hakusogea. Uso wake ulikuwa umelainika, lakini mguu mmoja ulikuwa bado nje.

"Na mimi je?" ikatoka sauti ndogo. Ilikuwa ya binti wa matundu ya vifungo. "Juzi ulisema kazi nzuri. Ilikuwa kweli?"

Chaki akamgeukia. Safari hii hakuharakisha. "Wewe unavuta kifungo mara mbili kabla hujakata uzi. Nimekuona. Hakuna kifungo chako kilichowahi kurudi hapa."

Binti akaziba uso kwa viganja. Hapo mambo yakafunguka. Mzee wa pasi akakohoa kwa makusudi, akaambiwa kwamba katika karakana nzima ni yeye tu anayejaribu joto la pasi kwenye kitambaa kibovu kabla ya kugusa kizuri, na kwamba hajawahi kuunguza hata kipande kimoja. "Hata kimoja!" mzee akarudia, akiwageukia wenzake kama shahidi mahakamani. Mwingine akanyoosha mkono, na mwingine. Watu wazima, wenye watoto na wajukuu, wakipunga mikono kama darasa la kwanza, na Chaki akawapitia mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na chake, maana jicho lililohesabu makosa yao miaka kumi na nne lilikuwa limeona na mengine yote.

"Na mimi!" Redio akanguruma kutoka nyuma. "Msinisahau mimi wa mifuko!"

Chaki akachukua gauni moja. Akautazama mfuko, akaupindua nje, akautazama tena. Karakana ikasubiri. Chaki akapitisha kidole kwenye pembe za mfuko.

"Mifuko yako inapita," akasema. "Haina kosa. Zaidi ya hapo, dada yangu, sijaona. Nikisema nimeona nitakuwa nakudanganya. Nipe mpaka Ijumaa, nitaangalia vizuri."

Watu walimwangalia Redio, wengine wakajiandaa kuziba masikio. Mwanamke yule alijishika kifua, akatafakari, kisha akapiga kofi moja kubwa.

"Basi ya wenzangu ni ya kweli!" akasema. "Jamani, ni ya kweli! Hakutupaka mafuta! Ijumaa, Mkaguzi, nakungoja, na utaona mfuko!"

Vicheko vikapasua paa. Katikati ya vicheko hivyo fundi wa kola akaingia. Hakuna aliyemwona akivuka kizingiti. Walimwona tu ameshakaa, anazungusha gurudumu, anavuta uzi kwa vidole viwili, na uso unamkunjamana.

"Nani amechezea cherehani yangu?"

"Mimi," Chaki akasema. "Jana. Nimeharibu na kola."

"Ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Zilete."

Chaki akainama chini ya meza, akatoa lile furushi, akalipeleka mwenyewe, akasimama mbele ya cherehani mikono imefumbatwa tumboni. Fundi wa kola akafungua kitambaa. Akaichukua ya kwanza, akaipindua, akaiweka kando. Ya pili, kando. Hakuruka hata moja, na hakuna aliyerudi kazini. Kwenye ya kumi na tisa aliichelewesha mkononi. Akaisogeza dirishani penye mwanga, akapitisha kidole ndani, na kidole kikasimama.

"Umeweka utepe."

"Nilijaribu."

"Umepinda huku mwishoni. Lakini hapa kati," akaonyesha kwa ncha ya mkasi, "hapa umelala vizuri kabisa. Hapa hata mimi nisingeugusa."

Chaki akaitikia kwa kichwa. Akavua miwani na kuifuta kwa utepe wake, akaivaa, akaivua tena. Redio, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kunyamaza kwa hiari, alimsogezea kiti bila kusema lolote, na Mkaguzi akakaa, akalia mbele ya mafundi wake wote, akiwa na furaha ambayo hakujua ataiwekaje.

"Haya," fundi wa kola akasema, akiinamia uzi wake. "Mia tatu hazitajishona."